Mbili Zilizoachwa

Mai Yer amesema jitu limeinua rungu,
theluji imetufika magotini,
na sasa ni zamu ya baba.

Tumo chini ya nyumba, Duluth, mwezi wa pili.
Nje, baridi imelitia ziwa kufuli.
Wendell, dereva mstaafu wa garimoshi la madini,
anatafuna karanga huku akihesabu mishale yake.
Baba ameshika dadu kwa mkono wa kushoto.
Wa kulia, tangu kiharusi, umelala mapajani
kama paka wa mtu mwingine.

Zamani hesabu zote zilikuwa zake.
Hujamaliza kuuliza, jibu limeshafika.
Leo penseli ninayo mimi.

Haya, taratibu.
Mpiganaji wa daraja la sita: sita.
Nguvu kumi na saba: ongeza tatu.
Upanga una uchawi, lakini uchawi wa mtumba: moja.
Kumi.
Wendell yuko mgongoni mwa jitu, tumelibana kati: mbili.
Kasisi wetu alituombea kabla hatujala: moja.
Theluji inatoa mbili,
theluji haiulizi nani kaombewa.
Kumi na moja.
Naizungushia duara kama mwalimu wa darasa la pili.

“Baba, tupa.”

Dadu inabingirika, inagonga kikombe cha kahawa,
inasita ukingoni mwa ramani:
kumi na mbili.
Jumla ishirini na tatu.
Deraya ya jitu ni ishirini na nne.

Mai Yer, ambaye mchana husoma vipimo vya damu za watu,
ananitazama hivyo hivyo anavyowatazama wao:
namba haibadilishi, ila anasikitika.

Narudi kwenye karatasi.
Imefutwa na kufutwa hadi imelainika kama kitambaa,
imetoboka pale panapoandikwa uhai.
Nyuma, kwenye orodha ya mizigo,
baina ya kamba na mienge mitano,
kwa mwandiko wake wa kale, ule ulionyooka:
*glavu za zimwi.*

Mwenye glavu za zimwi
nguvu zake si kumi na saba, ni ishirini na moja.
Haongezi tatu. Anaongeza tano.
Na tarehe iliyo pembeni ni ya mwaka ule
mimi nina miaka tisa, Reino saba.

Miaka ishirini na sita
baba anapiga akiwa pungufu ya mbili.

Lile joka la kinamasi lililobaki na pumzi moja,
nikalimaliza mimi, kwa kisu cha jikoni.
Yule malkia wa buibui, Reino, kwa kombeo,
akapanda juu ya kiti akishangilia hadi taa ikayumba.
Na kila mara baba akijipiga paji la uso:
“Aa! Kidogo tu!”
Tukamcheka. Mpiganaji gani huyu,
mabega kama mlango, na hapigi kitu.

“Baba, hizi glavu. Ulisahau kuzijumlisha.”

Siku hizi maneno humjia kwa foleni,
lingine likifika mlangoni limeshasahau lilitumwa nini.
Tunangoja. Wendell ameacha kutafuna.

“Si... kusahau.”

“Sawa,” anasema Mai Yer, kwa kuwa sheria ni sheria,
“lakini leo, Eino, amezivaa au hajazivaa?”

Akizivaa ni ishirini na tano, na jitu liko chini.

Baba haniangalii mimi.
Anaangalia mwisho wa meza,
anakokaa Linnea, mtoto wa Reino, miaka minane,
miguu haifiki sakafuni,
upinde wake haujagusa hata sungura tangu saa moja.
Zamu inayofuata ni yake.

Baba anatikisa kichwa.
Hajazivaa.

“Ishirini na tatu,” nasema. “Amekosa.”
“Aa,” anasema baba, na mkono wa kushoto,
ukichelewa, ukiyumba,
unalitafuta paji la uso hadi unalipata.

Linnea anaikota dadu kwa mikono miwili.
“Shangazi, mimi naongeza ngapi?”

Nachonga penseli.